Majibu ya Damu na Moyo wa Mtu



Muhula uliopita mwalimu wetu wa baiolojia alitufundisha habari za urithi. Alichora ubaoni baba na mama, akawaandikia herufi, kisha akachora watoto wanne chini yao. Darasa zima tulinakili. Wenzangu waliona ni hesabu nyepesi, tena ya kufurahisha. Mimi sikuiona nyepesi, kwa sababu mchoro ule ulikuwa ndio nyumba yetu. Baba yangu ni AS, mama yangu ni AS, mimi ni AS, na mdogo wangu ni SS, yaani ana ugonjwa wa sikoseli.

Mhariri aliponitaka niandike jambo la elimu litakalowafaa wenzangu, nilichagua hili. Sitaeleza ugonjwa peke yake, maana vitabu vyaueleza vizuri. Nataka kueleza pia jinsi karatasi ndogo ya maabara inavyoweza kuutikisa moyo wa mtu, na hata nyumba nzima, na jinsi ya kuipokea karatasi hiyo pasipo kuumizana.

UGONJWA WENYEWE NI NINI?

Katika damu ya mtu kuna chembe nyekundu zisizo na idadi. Kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka kila pembe ya mwili. Chembe iliyo nzima ni ya mviringo, tena laini. Hujipinda na kupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele, nayo huishi siku 120 hivi. Ndani yake mna himoglobini, ambayo ndiyo inayoishika oksijeni. Himoglobini imeundwa kwa minyororo, na mmoja wa minyororo hiyo una viungo 146. Kwa mgonjwa wa sikoseli, kiungo kimoja tu kati ya hivyo, kile cha 6, ndicho kilichobadilika. Kasoro ni ndogo kiasi hicho, lakini madhara yake ni makubwa.

Chembe yenye kasoro hiyo ikipungukiwa na oksijeni hupoteza umbo lake, ikawa ngumu na kupinda kama mundu wa kukatia mpunga. Ndiyo maana ugonjwa huu huitwa pia selimundu. Chembe hizo hukwama mishipani kama magugu maji yanavyoziba mwalo, hata mitumbwi isiweze kupita. Damu isipopita, mgonjwa hushikwa na maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Tena chembe hizo hufa upesi, kwa siku 10 mpaka 20 tu, na kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa na damu na macho yake huingia manjano. Baridi, kiu, homa na uchovu huyaamsha maumivu. Sisi tuliozaliwa pwani ya ziwa twajua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Mdogo wangu hukaa juu ya jiwe akitulindia nguo, kwa kuwa maji ya baridi humletea maumivu.

UNARITHIWAJE?

Kila mtu ana vinasaba viwili vya himoglobini, kimoja amepewa na baba na kimoja na mama. Kinasaba kizima huandikwa A, na chenye kasoro huandikwa S. Mwenye AA hana kasoro. Mwenye AS amebeba S moja, lakini si mgonjwa. Hufanya kazi, hucheza mpira, huzaa na kuzeeka kama watu wengine. Mwenye SS ndiye mgonjwa.

Ikiwa baba ni AS na mama ni AS, basi katika kila mimba mtoto ana bahati 1 kati ya 4 ya kuwa AA, 2 kati ya 4 ya kuwa AS, na 1 kati ya 4 ya kuwa SS. Nasema katika kila mimba, kwa kuwa wengi hukosea hapa. Hudhani kwamba wakiisha kupata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sivyo. Ni kama kurusha shilingi: shilingi haikumbuki ilivyoanguka mara ya kwanza.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi. Mtoto hawezi kuwa SS kwa kupewa S na mzazi mmoja tu. Lazima atoe baba, na lazima atoe mama, kila mmoja sehemu iliyo sawa na ya mwenzake. Ugonjwa huu hauna upande wa kuumeni wala wa kikeni. Naomba msomaji aliweke neno hili moyoni, maana nitalirudia.

KWA NINI UMEZIDI HUKU KWETU?

Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza kwamba watu wenye AS hawauawi na malaria kwa wepesi kama wengine. Malaria yaweza kuwapata, lakini ile kali inayoua watoto huwapata kwa nadra zaidi. Mwaka 1956 alitoa hesabu za watu waliopimwa wilayani Musoma, ng'ambo yetu tu katika ziwa hili hili. Kati ya watoto wachanga 287, wenye AS walikuwa 89 na wenye SS walikuwa 9. Kati ya watu wazima 654, wenye AS walikuwa 249, na wenye SS walikuwa 5 tu.

Tuzitazame hesabu hizo vizuri. Wenye AS walikuwa 31 katika kila watoto 100, lakini kwa watu wazima walikuwa 38 katika kila 100. Maana yake ni kwamba walisalimika kuliko wenzao. Lakini wenye SS walikuwa 3 katika kila watoto 100, na kwa watu wazima hawakufika hata 1. Walikwenda wapi? Wengi walikufa kabla ya kukua. Nyuma ya hesabu hiyo walikuwako akina mama waliozika watoto pasipo kujua sababu, na ndugu waliotafuta mchawi.

Hivyo ndivyo S ilivyobaki huku kwetu vizazi kwa vizazi: huwasaidia wengi na kuwaumiza wachache. Katika hospitali ya Bugando, ambayo imekuwa ikiwatibu watu wa kanda hii tangu mwaka 1971, wataalamu walipima matone ya damu ya watoto wadogo 17,200 wa mikoa ya kaskazini magharibi ya Tanzania. Habari zake zilitangazwa mwaka 2020. Waliona kwamba watoto 20 katika kila 100 walikuwa AS, na zaidi kidogo ya 1 katika kila 100 alikuwa na ugonjwa. Basi katika darasa la wanafunzi 50, yaelekea kuna 10 hivi wenye AS, na pengine hawajijui.

MAMBO YALIYOTUPATA NYUMBANI

Mdogo wangu alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, mikono na miguu yake ilivimba, akawa analia usiku kucha. Alipelekwa hospitali, akapimwa, na mama akarudi na karatasi iliyoandikwa SS. Baba aliisoma, akasema, "Kwetu hakuna ugonjwa huu." Hakusema neno jingine, lakini mama alielewa, nasi sote tulielewa. Siku chache baadaye baba mdogo alikuja kutoka Magu, akashauri kwamba mama arudishwe kwao, na habari za ng'ombe za mahari zikaanza kutajwa. Mama alikuwa akipika na kulia. Mdogo wangu hakuwa amejifunza hata kusema maneno matatu, naye tayari alikuwa kesi.

Aliyeiokoa nyumba yetu ni muuguzi mmoja mtu mzima. Alimwambia mama aje kliniki pamoja na baba. Walipofika hakuanza na mtoto. Alianza na baba. Alimwambia, "Baba, hapa sikutafuti kosa. Nakuomba tone moja tu la damu, na mama naye tone moja." Majibu yakaja: wote wawili ni AS. Akawaeleza kama nilivyoeleza hapo juu, kwamba kila mmoja ametoa nusu.

Baba alirudi nyumbani kimya, na kimya hicho kilikaa siku tatu. Siku ya nne, tulipokuwa tunakula, alisema pasipo kuulizwa, "Mama yangu alizika watoto wawili kabla yangu. Walivimba mikono hivi hivi. Tuliambiwa ni jirani." Tangu siku ile hakuna aliyetaja ng'ombe tena. Baba ndiye anayempeleka mdogo wangu kliniki mpaka leo.

VIPIMO VIWILI VISIVYO SAWA

Yangu mimi yalikuja baadaye, nilipokuwa Kidato cha Pili. Nilikwenda peke yangu katika zahanati moja, ambayo sina haja ya kuitaja, nikaomba kupimwa. Aliyenipima alinipa karatasi pale dirishani, akasema, "Una sikoseli," kisha akamwita mtu mwingine. Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe. Kwa muda wa miezi mitatu sikumwambia mtu. Kila nilipochoka baada ya mpira nilidhani ndiyo mwanzo wa kifo. Masomo yalinishinda, maana nilijiuliza nasoma kwa ajili ya miaka mingapi.

Mwishowe mama aliniona ninavyokonda, akanibana mpaka nikasema. Akanipeleka hospitali kubwa, nikapimwa upya. Majibu: AS. Sikuwa mgonjwa hata siku moja.

Kosa lilikuwa wapi? Kuna kipimo cha kwanza ambacho tone la damu huchanganywa na dawa inayoondoa oksijeni, kisha hutazamwa kwa hadubini. Chembe zikipinda, huonekana kwamba S imo. Lakini chembe za mwenye AS hupinda, na za mwenye SS hupinda vile vile. Kipimo hicho hakiwezi kuwatenganisha. Kipimo cha pili hutenganisha himoglobini moja na nyingine kwa nguvu ya umeme, nacho huonyesha wazi kama mtu ni AA, AS au SS. Siku hizi viko pia vifaa vidogo vinavyotoa majibu ya namna hiyo kwa dakika chache. Mimi nilipewa jibu la kipimo cha kwanza kana kwamba ni la kipimo cha pili. Wazee husema, usilolijua ni usiku wa giza. Nami naongeza kwamba mwanga wa nusu huweza kutisha kuliko giza lenyewe, kwa maana huonyesha kivuli na kuficha mtu.

MAMBO YANAYOUPATA MOYO

Nikiyatazama yaliyotupata, naona mambo manne ambayo huja pamoja na majibu ya urithi.

Kwanza ni hofu. Hofu si upumbavu. Mtu akiambiwa jambo kubwa kuhusu mwili wake, masikio yake huziba, na yale yanayosemwa baadaye hayasikii. Kwa hiyo hana budi kuelezwa tena siku nyingine, akiwa ametulia.

Pili ni lawama. Wengine huwalaumu wenzao kama baba alivyofanya, na wengine hujilaumu wenyewe. Mama aliniambia kwamba hata baada ya kuelezwa, alijiona kama mtu aliyemlisha mtoto wake sumu. Lakini hatukuichagua damu tuliyonayo, wala hatukuchagua ni nusu gani tutakayomwachia mtoto. Pasipo kuchagua hapana hatia.

Tatu ni aibu, ambayo huleta siri. Watu huficha majibu kwa kuogopa kwamba binti hataolewa au kijana atakataliwa. Siri hiyo ndiyo inayowakutanisha AS na AS pasipo kujua.

Nne ni jambo ambalo sikulitazamia. Nilipoambiwa mimi ni AS nilifurahi, nikacheka kwa sauti njiani. Nilipofika nyumbani nikamkuta mdogo wangu amelala na maumivu, furaha yangu ikageuka kuwa haya. Kwa nini yeye na si mimi? Nilidhani ni wazimu wangu, kumbe wataalamu wanalijua jambo hili. Hata aliyepata majibu mema huweza kuumia kwa ajili ya ndugu yake aliyepata mabaya.

WENGINE NAO YAMEWAPATA

Mambo haya hayako Mwanza tu. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kupambana na sikoseli, na watu wengi wakapimwa. Lakini hawakuelezwa vizuri tofauti ya AS na SS, na watu wazima kabisa wenye AS wakanyimwa kazi na bima. Chuo cha jeshi la anga cha nchi hiyo kiliwakataa hata mwaka 1981. Katika mji mdogo wa Orchomenos, huko Ugiriki, wakazi walipimwa ili waweze kuchagua wachumba kwa kujua. Habari zilizotangazwa mwaka 1974 zilionyesha kwamba wenye AS walidharauliwa, basi wengine wakaficha majibu yao walipoposa, na watoto wagonjwa wakaendelea kuzaliwa kama kwanza. Kipimo kilikuwa kizuri. Kilichokosekana ni maelezo na heshima.

Wala si sikoseli peke yake. Saratani nyingi si za kurithi, lakini katika kila 100, kiasi cha 5 mpaka 10 hutokana na kinasaba kinachopita katika ukoo. Mwaka 1994 na 1995 viligunduliwa vinasaba viwili, BRCA1 na BRCA2, ambavyo vikiharibika huongeza sana hatari ya saratani ya matiti na ya mifuko ya mayai. Siku hizi mwanamke mzima aweza kupimwa na kuambiwa hatari iliyo mbele yake. Waliochunguza mioyo ya watu waliopimwa hivyo wameona kwamba wengi hufadhaika katika majuma ya kwanza, kisha hurudia hali yao ya kawaida kabla ya mwaka kwisha, hasa wakiwa na mtu wa kuzungumza naye.

Tena yuko Bibi Nancy Wexler wa Marekani, ambaye mama yake alikufa kwa ugonjwa wa ubongo wa kurithi uitwao Huntington. Alifanya kazi miaka mingi kati ya wavuvi wa ziwa Maracaibo, nchini Venezuela, na kutokana na damu ya watu hao alama ya kinasaba hicho ikapatikana mwaka 1983, na kinasaba chenyewe mwaka 1993. Kipimo kikawako, lakini yeye mwenyewe alichagua kutopimwa, maana hapakuwa na dawa. Mwaka 2020 alitangaza kwamba anao ugonjwa huo. Sidhani kwamba alikuwa mwoga. Alijua kwamba kabla ya kupimwa mtu yampasa kujiuliza, "Nikiisha kujua, nitafanya nini?"

Kwa sikoseli jibu la swali hilo liko. Mtoto akijulikana mapema hupewa penisilini na chanjo, hulindwa na malaria, na iko dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo kwanza ilitumiwa kutibu saratani, nayo hupunguza maumivu na kuongeza damu. Kwa hiyo mimi nawashauri wenzangu wapimwe.

YATUPASAYO

Kabla ya kupimwa, uliza ni kipimo gani, na nani atakayekueleza majibu. Usipokee majibu dirishani ukaondoka. Usiende peke yako kama nilivyokwenda mimi.

Wazazi waende wote wawili. Akienda mama peke yake, atarudi nyumbani amebeba mzigo wa watu wawili.

Ukijua majibu ya mwenzako, usiyatangaze. Majibu ya damu ni mali ya mwenyewe. Bwenini neno husafiri upesi kuliko upepo wa ziwani.

Nanyi mtakaofikia kuoa au kuolewa, ulizaneni mapema, kabla ya barua ya posa, mkiwa bado mwaweza kuzungumza pasipo wazee kukaa kikao. AS na AA hawazai mtoto mwenye SS. AS na AS waweza kuoana wakipenda, lakini wajue bahati yao, na mtoto akizaliwa apimwe mara moja. Kujua si kukatazwa.

Tarehe 19 Juni kila mwaka ni siku ya sikoseli duniani. Mwaka huu mdogo wangu, ambaye sasa yuko darasa la nne, aliniuliza kama yeye ndiye aliyewagombanisha baba na mama zamani. Sijui nani alimwambia. Nilimchorea mchoro ule wa mwalimu, baba na mama juu na watoto chini, nikamwonyesha S moja inayotoka kwa baba na S moja inayotoka kwa mama. Aliutazama sana, kisha akasema, "Kumbe nimefanana nao wote wawili."

Mhariri ataniwia radhi kwa kutoandika jina langu. Majibu haya si yangu peke yangu, nami sina ruhusa ya kuyatangaza ya mdogo wangu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano